Timu Isiyo na Wanachama: Habari za RTC Kagera

Mtu aliyekuwa kijana mjini Bukoba katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990 hahitaji kuelezwa RTC Kagera ilikuwa nini. Ilikuwa timu ya mkoa katika ligi kubwa ya Tanzania Bara, na uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Kaitaba. Kijana wa leo akilisikia jina hilo huenda akadhani ni jina la duka. Hatakuwa amekosea sana, kwa maana timu ile ilikuwa kweli mali ya duka, tena duka kubwa kupita yote mkoani.

Klabu hiyo haipo tena. Kufa kwa klabu ya mpira si jambo geni, na pengine si jambo la kuandikiwa vyama vya ushirika. Lakini vyama vya msingi huombwa mara kwa mara kutoa fedha kwa ajili ya michezo ya vijana, na makatibu hutakiwa kujibu maombi hayo mbele ya mkutano mkuu. Zaidi ya hayo, chama kikuu cha ushirika cha mkoa huu nacho kilipata kufa, tena kwa amri ya siku moja, na baadaye kikafufuka. Kwa nini kimoja kilirudi na kingine hakikurudi ni swali linalofaa kuchunguzwa, na jibu lake haliko uwanjani bali kwenye madaftari.

Ili kuifahamu timu hapana budi kwanza kuifahamu kampuni iliyoizaa. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Serikali iliweka biashara ya jumla, pamoja na ile ya kuagiza bidhaa kutoka nchi za nje, mikononi mwa shirika moja la taifa, yaani STC. Shirika hilo likawa kubwa mno hata likashindwa kujitazama lenyewe, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 likavunjwa. Kila mkoa ukapata Kampuni yake ya Biashara ya Mkoa, ambayo watu wote waliijua kwa herufi zake tatu, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya ushirika ya vijiji, na hapo uzito wa RTC ukazidi. Sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya kula, khanga, bati na saruji vilipita ghalani mwake. Aliyehusika na duka la kijiji alifunga safari mpaka Bukoba, akaonyesha kibali chake, kisha akangoja mgawo. Wazee waliofanya kazi hiyo wanakumbuka kwamba kungoja ndiko kulikokuwa sehemu kubwa ya kazi.

Jina la timu lina historia yake pia. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi mpaka mwaka 1979. Majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa 1978. Yalipokwisha kufukuzwa na vita kumalizika, mkoa ukapewa jina la mto huo. Kwa hiyo jina RTC Kagera haliwezi kuwa la kabla ya 1979, na anayedai kwamba aliiona timu ya jina hilo ikicheza mwaka 1975, kumbukumbu yake imemchezea.

Katika jambo la kuwa na timu, RTC haikuwa peke yake. Enzi hizo mashirika ya umma yalikuwa ndiyo nguzo ya mpira wa nchi. Shirika la Reli lilikuwa na Reli ya Morogoro. Mwanza palikuwa na Pamba, jina ambalo halihitaji maelezo. Dodoma ilikuwa na CDA, Mbeya Mecco, Mtwara Bandari, Dar es Salaam Sigara, na Moshi palikuwa na timu iliyoitwa Ushirika. Ng'ambo ya mpaka, mjini Kampala, wenzetu wakulima wa kahawa walikuwa na jina lao uwanjani: timu ya Coffee, iliyohusiana na bodi ya kahawa ya Uganda na iliyopata kuwa bingwa wa nchi ile. Mwenye kusoma orodha ya timu za ligi za miaka hiyo ni kama anayesoma orodha ya mashirika katika hotuba ya bajeti.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kwa desturi ya timu za mashirika, mchezaji aliajiriwa kama mfanyakazi: huyu karani, yule dereva, mwingine mtunza ghala. Asubuhi alikwenda kazini au alihesabiwa kuwa amekwenda, na jioni alikwenda mazoezini. Mshahara wake ulitoka katika mishahara ya kampuni. Jezi, viatu, mipira, posho na nauli vilitoka katika fungu la ustawi wa wafanyakazi. Tiketi za mlangoni zilisaidia, lakini hazikuwa nguzo. Hakuna aliyelipa kiingilio cha uanachama, hakuna aliyenunua hisa, wala hakuna mkutano mkuu ambamo mkulima wa Kamachumu au mvuvi wa Kemondo angesimama na kuuliza timu imetumia kiasi gani. Watu waliipenda timu, wakaishangilia na kuiita yao. Kisheria haikuwa yao.

Kwa nini mkoa kama huu ulihitaji kampuni nyuma ya timu? Jibu ni safari. Kutoka Bukoba kwenda kucheza Dar es Salaam kulikuwa na njia iliyozoeleka: meli ya usiku kucha mpaka Mwanza, kisha gari moshi kupitia Tabora, zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kwa barabara, tena barabara za wakati ule, safari haikuwa fupi wala haikuwa na hakika. Msafara wa timu ni watu ishirini na zaidi, wanaokula, wanaolala na wanaoweza kuugua njiani. Timu ya Dar es Salaam ilisafiri mpaka Bukoba mara chache katika msimu, lakini timu ya Bukoba ilisafiri kila mara ilipokuwa ugenini, na hakuna timu jirani ya ligi ambayo ingeweza kuifikia na kurudi siku ile ile. Kampuni yenye malori, yenye akaunti benki na yenye jamaa zake katika kila mkoa, kwa sababu kila mkoa ulikuwa na RTC, iliweza kuubeba mzigo huo. Kikundi cha vijana na bakuli la michango kisingeweza. Hili lisemwe wazi ili asidhani mtu kwamba viongozi wa wakati ule walikosa akili. Walichagua njia iliyokuwapo.

Njia hiyo ya majini ilikuja kupata jina la msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoanza kazi mwaka 1979, ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya abiria. Watu wengi mkoani bado huhesabu miaka kwa kuanzia siku ile.

Lakini kampuni ilikwisha kuanza kudhoofika kabla ya hapo. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na mwaka 1986 nchi ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kurekebisha uchumi. Bidhaa zikarudi madukani. Kwa mwananchi hilo lilikuwa jambo jema, na hakuna aliyeililia foleni ya sabuni. Kwa RTC ilikuwa ni mwisho wa kazi. Kampuni iliyoundwa ili kugawa vitu haba haikuwa na la kufanya vilipokuwa tele, maana mfanyabiashara binafsi aliuza kwa haraka zaidi na hakuhitaji kibali cha mtu. Katika miaka ya 1990, tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilipokwisha kuundwa, kampuni za biashara za mikoa zilikuwa miongoni mwa zile zilizouzwa au kufilisiwa.

Hapa ndipo yafaa makatibu wasimame kidogo, maana jambo hili ni la hesabu nao wanalijua kuliko mashabiki. Mfilisi anapoingia katika kampuni hufungua mizania. Upande mmoja anatazama mali: majengo, magari, bidhaa ghalani, fedha benki, madeni ambayo kampuni inadai. Upande wa pili anatazama yanayodaiwa. Kazi yake ni kuuza vya upande wa kwanza ili kulipa vya upande wa pili. Je, timu ya mpira iko wapi katika karatasi hiyo? Haipo. Ilikuwa matumizi ya mwaka, kama chai ya ofisini na mafuta ya gari. Mipira na jezi haviwezi kuitwa mali kwa mfilisi. Sifa ya timu, mapenzi ya watu na nafasi katika ligi havina mstari wake. Mchezaji naye ni mfanyakazi kama wengine, hivyo hupewa kiinua mgongo, kama kipo, akaenda zake. Hivyo timu ya shirika haihitaji hata kuvunjwa kwa tangazo. Siku fungu linapofutwa katika makisio, imekwisha, na anayetaka kulalamika hana mahali pa kulalamikia kwa kuwa jina lake haliko katika daftari lolote.

Sasa na tuutazame ushirika. Chama kikuu cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950, na kikajulikana kwa muda mrefu kama BCU. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilivunjwa. Vijiji vilikwisha kufanywa kuwa vyombo vya ushirika kwa sheria ya 1975, na kahawa ikapelekwa kwa mamlaka ya zao. Kwa karatasi, BCU ilikuwa imekufa kabisa kama ilivyokuja kufa RTC. Hata hivyo mwaka 1982 sheria mpya ilirudisha vyama vya ushirika, mwaka 1984 KCU ikaandikishwa, na kufikia 1990 Karagwe walikwisha kuwa na chama kikuu chao, KDCU.

Isidhaniwe kwamba ufufuo huo ulikuwa mwepesi. Kulikuwa na madeni, kulikuwa na mali zilizopotea njiani, na kulikuwa na wakulima waliouliza kama safari hii chama kitakuwa chao au cha wakubwa. Swali hilo lilikuwa la haki, na halijaisha. Lakini kulikuwa na kitu cha kufufua. Mkulima wa Bukoba na Muleba alikuwa bado kwenye kibanja chake, mibuni ilikuwa bado imesimama katikati ya migomba, maganda yalikuwa bado yanahitaji mnunuzi, na wazee waliojua chama kinavyoendeshwa, kutoka kupima mzani mpaka kuandika muhtasari, walikuwa bado hai. Amri iliweza kukiondoa chama katika rejesta ya Mrajis, lakini haikuweza kuwaondoa wanachama kwenye ardhi yao. RTC Kagera haikuwa na kibanja.

Atakayesema kwamba uanachama peke yake ni dawa atakuwa amesahau mengi. Yanga ni klabu ya wanachama, na katikati ya miaka ya 1970 mgogoro wa wanachama hao hao uliipasua. Waliotoka wakaunda Pan African, ambayo mwaka 1982 ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Kenya ilikuwa na Luo Union, klabu iliyotokana na chama cha watu wenyewe kwa wenyewe, yenye mashabiki kuzunguka ziwa lote hili. Mwaka 1976 ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati kwa kuwashinda Yanga katika fainali mjini Kampala, na mwaka 1977 ikaurudia Dar es Salaam. Serikali ya Kenya ilipoagiza vilabu viache majina ya makabila, ikajiita Re-Union, na haikurudi tena pale ilipokuwa. Wanachama walikuwapo, ila palikuwa na klabu nyingine ya watu wale wale, Gor Mahia, na mapenzi yakahamia huko. Nayo Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo chini ya mlima Rungwe, iliishangaza nchi mwaka 1986 kwa kutwaa ubingwa wa Bara, haikudumu juu. Wanachama hugombana, huchoka na hutawanyika. Tofauti ni kwamba klabu ya wanachama ikianguka kuna mtu mwenye haki ya kuuliza, na aghalabu kuna nyumba. Simba na Yanga zimepita katika migogoro ambayo ingeua kampuni tatu, lakini jengo la Msimbazi na la Jangwani yamebaki mahali pake.

Wala haifai kusema kwamba kila timu ya kampuni ni bure. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Morogoro, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Kaitaba yenyewe imekuwa kwa miaka mingi nyumba ya Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha Missenyi, na bila timu hiyo watu wa Bukoba wangaliisikia ligi kubwa redioni tu katika miaka iliyokuwa ndani ya ligi hiyo. Kiwanda chenye mapato ya kila mwaka hubeba timu vizuri. Jambo la kuzingatia ni kwamba timu hupanda na kushuka na kiwanda, na uamuzi wa kuiacha hufanywa katika kikao ambacho mshabiki hakialikwi. Pamba ya Mwanza ilirudi katika Ligi Kuu msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji, baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Lakini ilirudi mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, si kwa nguvu ya zao la pamba. Jina la zamani limepata mwenye nyumba mpya.

Wakulima wa hapa wanayo picha iliyo karibu zaidi. Wanaijua butura: mtu mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, anapokea fedha kidogo leo, na msimu ukifika mavuno ni ya mwingine ingawa mibuni iko katika kibanja chake. Timu inayokubali kulishwa na mfadhili mmoja bila katiba, bila wanachama na bila kiingilio imeingia butura. Inakula leo. Mavuno yake, hata jina lake, yana mwenyewe.

Haiwezekani kuzungumza habari za vijana wa miaka hiyo katika Bukoba na Muleba bila kuutaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa nchini walipatikana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, huko Muleba, na katika miaka iliyofuata vijiji vingi vilizika watu wa umri wa kucheza mpira na wa kuongoza vyama. Makatibu wa wakati ule walijua maana yake katika daftari: namba ya mwanachama iliyobaki bila mtu, na mrithi aliye mtoto. Vyama vilivyokuwa na rejesta nzuri viliweza kumtambua mjane na yatima na kuwapa malipo ya kahawa yao. Vile vilivyotegemea kumbukumbu ya katibu mmoja vilipata taabu alipoondoka. Timu nazo zilipoteza watu ambao wangesimulia habari zake, na pasipo muhtasari wala kitabu cha michezo iliyochezwa, habari hizo zimekwenda nao. Ndiyo sababu leo ni rahisi zaidi kuandika historia ya kampuni ya RTC kuliko ya timu yake.

Kijana wa kijijini anapofika ofisi ya chama na barua ya kuomba jezi, katibu asimfukuze, na asimpe vilevile bila kuuliza. Kusaidia jamii ni mojawapo ya misingi ya ushirika. Lakini fedha za chama ni za wakulima waliopima kahawa yao, na matumizi yake hupita katika makisio yanayokubaliwa na mkutano mkuu. Bodi isiyapitishe kando kwa sababu mwenyekiti ni mpenzi wa mpira. Kisha katibu aombe aione katiba ya timu na cheti chake cha usajili, kwa maana tangu sheria ya 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa vyama vya michezo huwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na timu isiyosajiliwa haiwezi kuwa na akaunti yake yenyewe. Aulize wanachama ni wangapi na wanalipa nini. Kiingilio kidogo cha watu mia moja kina thamani kuliko hundi moja kubwa, hata ikiwa hundi ndiyo itakayonunua viatu. Aulize nani anatunza vifaa, na kama vimeandikwa mahali. Ni vema pia chama kitoe msaada kwa kipindi maalumu kinachojulikana na pande zote mbili, badala ya kuigeuza timu kuwa idara yake, kwa sababu msimu mbaya wa kahawa utakuja, na siku hiyo jezi ndizo za kwanza kukatwa katika makisio.

Mwisho afungue ukurasa wa mwisho wa katiba ya timu atafute kifungu kinachosema timu ikivunjika mali yake iende kwa nani. Katika masharti ya vyama vya ushirika jambo hilo limo, ingawa hakuna anayelisoma mpaka siku ya msiba. Katika timu nyingi za vijiji halimo, na msimu ukiisha mipira hubaki nyumbani kwa nahodha.